Muuzaji Asiyeonekana

 

Katika darsa yetu yaliletwa mbele yetu maswali mawili, na tulipoyatazama tukaona asili yao ni moja.

La kwanza lilitoka kwa mama mmoja mjane, ambaye hukaa nyumbani kwake akashona kofia kwa mkono. Zamani kofia zake zilinunuliwa na mwenye duka mmoja kwa bei aitakayo yeye, kwa kuwa mama huyu hakuwa na njia ya kumfikia mnunuzi mwengine. Sasa mwanawe amemfunza kuipiga picha kazi yake na kuwapelekea jamaa kwa WhatsApp. Jamaa nao wakawapelekea wenzao, hata leo ana wateja walioko Maskati na London ambao hajapata kuonana nao. Auliza: je, chumo hili ni halali, nami nauza kwa watu nisiowaona, na kofia yenyewe pengine haijatiwa sindano bado?

La pili lilitoka kwa watu kadhaa. Kijana mmoja aliyemo katika kundi la simu la msikiti wetu alitia humo picha za kanzu na mabuibui kabla ya Idi, akawataka watu watangulize nusu ya thamani kwa M-Pesa. Watu wakalipa. Nguo zikafika Idi imekwisha kupita, na zilizofika si zile za pichani: kitambaa ni chengine na mshono ni mwengine. Alipoulizwa alijibu, "Picha ilikuwa mfano tu." Ikadhihiri kuwa nguo zile hakuwa nazo wala hakupata kuzishika, picha alizitwaa kwa muuzaji wa nchi nyingine.

Yaliposomwa maswali haya wanadarsa waligawanyika. Wazee wetu walisema: soko hili la simu ni la uwongo tangu mwanzo wake, Mwislamu na alihame. Vijana wetu wakasema: huu ndio ulimwengu wa leo, kila mnunuzi na afungue macho yake, wala mambo ya simu hayamo katika vitabu vya fiqhi. Sisi twaona kuwa pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja. Wote wamekitazama chombo, wasilitazame neno lipitalo ndani yake.

Twaanza na wazee wetu, na kwa heshima. Kuuziana watu wasioonana si jambo lililozuliwa na simu. Baba zetu wa Lamu na Mombasa walipeleka boriti Ghuba na Bara Arabu katika majahazi, wakaletewa tende na mazulia, na mara nyingi mwenye mali alibaki hapa pwani wala hakumjua kwa uso yule aliyeko ng'ambo. Biashara ilikwenda kwa barua na kwa amana ya nahodha. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ametaja katika kitabu chake cha Majmu' kuwa watu wawili wakinadiana na kuuziana hali kila mmoja yuko mbali na mwenziwe, biashara yao yasihi. Na wanavyuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika mkutano wao wa Jeddah wa mwaka 1990, walikubaliana kuwa mapatano ya watu walioko mbalimbali yasihi kwa vyombo vya mawasiliano vya kisasa, maadamu masharti yake yametimia. Hapa kwetu nako, marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanza kutoa karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930, na kisha Al-Islah mwaka 1932, alikitwaa chombo cha wakati wake akakitumia kwa kuwaamsha watu. Chombo hakina thawabu wala dhambi. Thawabu na dhambi ni za mwenye kukitumia.

Ama vijana wetu wasemao kuwa haya hayamo vitabuni, twawaomba wavifungue vitabu hivyo. Amepokea Imam Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikapata umaji. Alipomwuliza mwenyewe, yule mtu akatoa udhuru kuwa nafaka ilipigwa na mvua. Mtume akamlaumu kwa kutoiweka juu ile iliyorowa ili watu waione, akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye.

Lizingatieni jambo hili, ndugu zetu. Mnunuzi wa soko la Madina alikuwa na mkono, na lau angalitaka angaliutia ndani ya lile rundo. Juu ya hayo, mwenye nafaka hakupewa nafasi ya kusema, "Mnunuzi na ajitazamie mwenyewe." Basi vipi mnunuzi wa simu, ambaye mkono hana? Yeye ana jicho tu, na jicho hilo laona kile ambacho muuzaji ametaka lione. Hawezi kushika kitambaa, wala kuonja halua, wala kuijaribu kofia kichwani. Akinunuacho kwa hakika ni neno la muuzaji. Neno likiwa kweli, mali ipo. Likiwa uwongo, hapana kilichouzwa, bali pana mali ya mtu iliyoliwa kwa batili. Kwa hivyo hukumu ya ghushi katika soko hili haikupunguka kwa kuwa soko ni jipya. Imezidi uzito.

Tukirudi kwa mama yetu mshona kofia, twamwambia: chumo lako ni halali, na Mungu akuzidishie. Madhehebu yetu ya Shafi yana njia iliyo wazi katika mambo haya, nayo ni uuzaji wa salam. Kitu huuzwa kwa sifa kabla ya kuwapo, ikiwa sifa zake zimetajwa zote, na wakati wa kukitoa wajulikana, na thamani yote imetangulia kulipwa pale pale panapofungwa mapatano. Mja wa Maskati akitaka kofia, mtajie kipimo chake, na kitambaa chake, na uzi wake, na aina ya mshono wake, na mwezi utakaomaliza; naye alipe thamani yote mwanzo, si nusu. Zamani sharti hili lilikuwa zito kwa mtu wa mbali. Tangu ilipoanza M-Pesa hapa Kenya mwaka 2007, na njia nyinginezo za kupeleka pesa kutoka ng'ambo, limekuwa jepesi. Na mnunuzi akichelea kulipa kabla ya kuona, na asubiri kofia imalizike, kisha amtume wakili wake aliye hapa mjini aitazame na kuilipia. Ila jihadhari na jambo moja: usimpelekee mtu kofia ya mashine ukaiita ya mkono. Tofauti hiyo wewe waijua kwa kidole. Yeye katika picha haijui.

Ama kijana yule, makosa yake ni mawili yaliyo wazi. Kwanza aliuza kitu kisichokuwa mkononi mwake, na Mtume alimkataza sahaba wake Hakim bin Hizam jambo hilo hilo, kuuza asichokuwa nacho. Pili alionyesha kitu kimoja akatoa chengine. Na neno lake kuwa picha ilikuwa mfano halimtoi, kwani hakulisema kabla ya kupokea pesa; alilisema baada yake. Lau angalisema tangu mwanzo, "Mimi ni dalali, nguo ziko kwa fulani, na ujira wangu ni kadha," angalikuwa na njia ya halali, wala hapana ambaye angalimlaumu.

Lakini jambo haliishii kwa kijana. Yafaa tujiulize: watu walimwaminije mtu ambaye hawajaiona mali yake? Zamani nahodha alimjua wa huku na wa kule. Kama alimsifu mwongo, ilimbidi arudi bandari ile ile katika kaskazi ya mwaka ujao, akabiliane na nyuso zile zile. Katika soko la simu mwongo aweza kubadili namba yake jioni, na asubuhi akawa ni mtu mwengine mwenye jina jengine. Watu wameliona pengo hili, nao wakatafuta dhamana ya kulizibia, wakaishika dini. Husema: huyu yumo katika kundi la msikiti, huyu huanza kwa salamu na kumaliza kwa dua, huyu amesifiwa na masheikh.

Na hapa hatuna budi kusema jambo ambalo lingalikuwa rahisi kwetu kulinyamazia. Kijana yule alipotia picha zake, sisi wenyewe tuliandika chini yake maneno ya kumwombea baraka, tukaongeza kuwa ni kijana mwema anayestahili kuungwa mkono. Hatukuwa tumeona hata kanzu moja. Tuliyaandika maneno yale kwa kidole, kwa muda usiofika dakika, tukaenda zetu. Baadaye mama mmoja miongoni mwa waliopoteza pesa alitwambia, "Mimi, masheikh wangu, sikumwamini yeye. Nimewaamini nyinyi."

Yasimuliwa kuwa mtu mmoja alimtolea mwenziwe ushahidi wa wema mbele ya Sayyidna Umar. Umar akamwuliza: je, wewe ni jirani yake, wajua kuingia kwake na kutoka kwake? Akasema, la. Je, umesafiri naye? La. Je, mmepatana kwa dinari na dirhamu, ambako ndiko uchaji wa mtu hujulikana? La. Umar akamwambia kuwa huenda alimwona tu msikitini akiinama na kuinuka katika sala, basi hamjui mtu huyo. Tuliposoma habari hii katika darsa, tuliona haya. Hii ni habari tuliyowasomesha watu miaka mingi, na siku ya kuitumia ilipofika hatukuikumbuka.

Kusifu si kudhamini kisharia, twalijua hilo. Lakini ni ushahidi, na mwenye kushuhudia kwa asilolijua amebeba mzigo. Basi tumewaendea waliodhulumiwa tukawataka radhi. Kijana amekubali mbele yao kuzirudisha pesa kidogo kidogo, nasi tumejitwika sehemu ya deni lile. Hatusemi haya ili tusifiwe. Twayasema kwa kuwa wengi katika nyinyi hufanya vile vile kila siku. Mtu hutia alama ya kupenda chini ya bidhaa asiyoijua, au huandika kuwa ameinunua na ni nzuri mno, naye hakununua, kwa kumtengenezea ndugu yake soko. Fiqhi ina jina la kazi hii: ni najash, mtu kuipandisha bidhaa naye hataki kuinunua, ili mwengine ahadaike. Wanavyuoni wameingiza ndani yake kuisifu bidhaa kwa uwongo. Na wako ambao hununua wafuasi kwa pesa ili waonekane kuwa watu wengi wawaamini. Hawa nao mlango wao ni huo huo.

Huenda mtu akasema: je, basi tusisaidiane? Dini yetu si ya undugu? Bila shaka ni ya undugu, na mfano bora wa jambo hili ni wa watu wa Madina wenyewe. Abdurrahman bin Auf alipohama kutoka Makka, mkono mtupu, Mtume alimfunga undugu na Saad bin Rabii, na Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka katika mali yake na watu wake, kisha akamtaka jambo moja tu: amwonyeshe soko liko wapi. Akaenda, akauza jibini na samli, akapata. Hivi ndivyo undugu unavyofaa kutumiwa katika biashara. Ndugu alimwonyesha ndugu yake njia ya sokoni. Alipofika huko, kilichomwuzia mali yake ni samli yake na ukweli wake, wala hakuwataka watu wafumbe macho kwa kuwa yeye ni Mhajiri.

Nasi twasema: mpelekeeni watu picha za mama yetu mshona kofia, huko ni kumwonyesha soko, na ni sadaka. Unganeni na jamaa walioko Ghuba na Ulaya, mjuane, mpeane habari za kazi na za bidhaa. Lakini kila mmoja aliyeiona bidhaa na aseme ameiona, na asiyeiona aseme hakuiona, au anyamaze. Muuzaji na ataje kipaku cha nguo yake kama anavyotaja uzuri wake. Na kundi la msikiti, kwa rai yetu, lisiwe duka. Aliye na bidhaa na afungue kundi lake kwa jina lake, ili mtu akinunua ajue kuwa amemwamini nani.

Mnunuzi hamwoni muuzaji, na huenda asimwone mpaka siku ya mwisho. Lakini yuko amwonaye, naye huliona rundo lote, la juu na la chini. Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyaandika bila ya ujuzi, na awatilie baraka wale wanaosema kweli katika kuuza kwao na kununua kwao. Amin.