Mwambieni Ukweli, Mtulizeni Maumivu

Ndugu zangu wa Rumonge, mnaoshusha dagaa alfajiri na mnaokamua mawese mpaka jua linazama, nisikilizeni! Nyumbani mwetu yumo mtu anayesema ameshiba baada ya matonge mawili. Anakonda, anapata choo cheusi kama lami, nasi twamwambia ni vidonda vya tumbo tu. Siku macho yanapogeuka manjano, ndipo tunatafuta gari la kwenda Bujumbura.

Kansa ya tumbo haifiki kwenye ini kwa kurogwa na jirani. Damu itokayo tumboni hupita kwenye ini kabla ya kurudi moyoni, na mbegu za ugonjwa husafiri nayo. Zikishaota huko, kisu cha daktari kwa kawaida hakiwezi kuzing'oa zote. Dawa za kansa zaweza kupunguza uvimbe na kumwongezea mgonjwa miezi, kama mwili una nguvu bado. Kupona kabisa ni nadra mno. Basi anayewaahidi uponyaji kwa bei ya mtumbwi na shamba la michikichi, mkimbieni!

Someni Isaya 38. Hezekia aliambiwa waziwazi kwamba atakufa, aweke nyumba yake sawa. Akageukia ukuta, akalia, akaomba. Mungu akamwongezea miaka 15, na bado nabii akaagiza mkate wa tini ubandikwe kwenye jipu. Ukweli, maombi na dawa, kitanda kimoja! Sisi tumebaki na maombi peke yake. Na mimi nimo: nimewahi kumficha mgonjwa jambo alilolijua kuliko mimi.

Na maumivu je? Ini likivimba, mtu halali. Ipo mofini ya kunywa! Kule Uganda, ambako daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa, huduma ya kuwatuliza wagonjwa wasiopona, mwaka 1993, unga wake huchanganywa na maji, mgonjwa akanywa nyumbani kwake, na wauguzi waliofunzwa wanaruhusiwa kumwandikia. Msiseme ni dawa ya walevi, wala kwamba inaharakisha kifo. Ikitolewa kwa kipimo sahihi, inamrudishia mtu usingizi na mazungumzo. Iulizeni hospitalini kwa jina lake, na mkijibiwa haipo, ulizeni tena kesho!

Leo mkitoka ibadani, msipite mlangoni kwa mgonjwa mkinong'ona. Ingieni. Mlowesheni midomo yake, mgeuzeni ubavu, muulizeni deni la nyavu alipe nani, na kitindamimba wake alelewe na nani. Majibu anayo. Anangoja kuulizwa.