Jaji Aliyekana Kupooza

Mkesha wa mwaka mpya wa 1975, Jaji William O. Douglas wa Mahakama ya Juu ya Marekani alipatwa na kiharusi akiwa Bahamas. Upande wa kushoto ukapooza. Alikuwa na miaka 76, mpenda milima mashuhuri, na kiti cha ujaji alikuwa amekikalia tangu 1939. Alirudi kazini kwa kiti cha magurudumu, akakana kwamba amepooza, kisha akawaalika waandishi wa habari wafuatane naye kupanda milima.

Je, alikuwa mwongo?

Wengi watajibu upesi kwamba hicho ni kiburi cha wakubwa. Lakini mwongo huujua ukweli kwanza, ndipo akaufunika. Mwaka 1914, daktari Joseph Babinski wa Paris aliwaeleza wenzake habari za wagonjwa waliopooza upande wa kushoto bila kutambua, akaiita hali hiyo anosognosia. Mara nyingi jeraha huwa upande wa kulia wa ubongo. Ulimi haukuguswa: mgonjwa anaongea vizuri, anataja majina ya wajukuu, anatania. Ndiyo maana nyumbani huonekana mkaidi tu.

Jeraha la upande huo wa ubongo huweza pia kumfanya mgonjwa asitambue chochote kilicho kushoto kwake. Mwaka 1978, Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti waliwaomba wagonjwa wawili wa namna hiyo wa Milano wajione akilini wamesimama katika uwanja wa kanisa kuu la mji huo, wakilitazama kanisa. Walitaja majengo ya kulia. Ya kushoto wakayaacha. Wakaombwa sasa walipe kanisa mgongo. Majengo yaliyoachwa yakatajwa, na yale ya mwanzo yakatoweka! Kumbukumbu zote zilikuwamo, ila nusu hazikufikika. Ajabu zaidi, maji baridi yakitiwa sikio la kushoto, baadhi ya wagonjwa wa anosognosia hukiri kupooza kwa dakika chache, kisha hukana tena. Sasa mgonjwa kama huyo tuseme anajua, au hajui?

Fikihi ya Kiislamu humwondolea takalifu, yaani wajibu wa kisheria, aliyepotewa na akili. Ugumu wa Douglas ni kwamba hakupotewa na akili yote. Ilimpotea katika jambo moja, nalo ni habari za mwili wake mwenyewe.

Kumwita mgonjwa wa namna hii mwongo ni kumdhulumu. Kubishana naye pia ni kazi bure. Afadhali apewe karatasi achore saa: tarakimu zote zikirundikana kulia, au nusu ya kushoto ya sahani ikibaki na chakula, daktari aelezwe. Mazoezi yapo, kama kumfundisha kugeuza kichwa kushoto, au kutia mstari mwekundu kwenye pambizo ya kushoto ya ukurasa ili jicho lianzie hapo.

Lakini kumwondolea lawama si kumwachia usukani. Majaji wenzake Douglas walilielewa hilo: waliziahirisha kimyakimya kesi ambazo kura yake ndiyo ingeamua. Alistaafu Novemba 1975, na bado akataka kushiriki katika kesi, hata wenzake wakalazimika kumwandikia barua kumweleza kwamba yeye si jaji wa mahakama ile tena.