Jani Hurudisha Kabla ya Kuanguka



Mwezi wa tisa bibi yangu alifariki kule Rombo. Mimi niko huku Marekani masomoni, nauli haikupatikana, mazishi nikayaangalia kwenye simu, picha inakatakata. Niseme ukweli: nilimkasirikia Mungu. Asubuhi nasali masifu na wenzangu, lakini moyoni kimya. Nina digrii ya falsafa, naweza kukueleza Aristotle alifundisha nini juu ya mabadiliko, ila siku zile haikunisaidia kitu.

Mwezi wa kumi mafrateri wenzangu wakanichukua twende Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah, jimbo la Virginia. Kwetu ukisema vuli mtu anawaza mvua. Huku ni majira ya majani kugeuka rangi na kupukutika, na watu wanafunga safari kwenda kuyaangalia tu! Barabara inapita juu mgongoni mwa milima kwa kilomita 169, na mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 56 kwa saa. Hata ukiwa na haraka zako, utaangalia. Milima mizima ni njano, chungwa na nyekundu. Nikawaza: kumbe watu wote hawa wamekuja kufurahia kitu kinachokufa?

Frateri mmoja aliyesomea baiolojia akanieleza. Siku zikianza kuwa fupi, mti unaacha kutengeneza ile rangi ya kijani. Njano unayoiona haikuja leo; ilikuwemo ndani ya jani, kijani kiliifunika. Akaongeza jambo ambalo sikulijua: kabla ya kuanguka, jani hurudisha mtini sehemu kubwa ya virutubisho vyake, hasa naitrojeni. Mti unavitunza mpaka majira ya kuchipua. Ndipo jani linaachia, na kidonda kinazibwa.

Nikamkumbuka bibi. Mwaka wake wa mwisho macho yalikuwa yameisha, miguu haimbebi. Lakini kila nikipiga simu, kuna kitu alikuwa anarudisha. Siku moja: "Mjukuu wangu, rozari yangu utaichukua wewe." Siku nyingine majina ya watoto wake aliowazika, ili niwaombee. Siku nyingine msamaha kwa jirani waliyegombana miaka mingi kwa ajili ya mpaka wa kihamba. Mimi nilidhani anapungua. Kumbe alikuwa anakabidhi. Na ule upole wake wa mwisho haukuletwa na uzee. Ulikuwemo siku zote, kazi nyingi ziliufunika.

Nabii Isaya, katika sura ya 64, anatulinganisha na jani linalonyauka, wala hafichi dhambi zetu. Lakini hapo hapo anamgeukia Mungu na kumwita Baba. Naye Yesu msalabani alikabidhi vyote: mama yake kwa mwanafunzi, roho yake kwa Baba. Hakunyang'anywa. Alitoa.

Ila mfano wa jani una mwisho wake. Jani likianguka halirudi tena mtini. Sisi tunasadiki ufufuko wa wafu, ndiyo maana tunazika kwa matumaini.

Sasa Novemba, mwezi wa marehemu, inakuja. Nakuomba mambo mawili. Kati ya tarehe 1 na 8 nenda makaburini ukawaombee marehemu. Ukitimiza masharti ya kawaida, yaani kitubio, komunyo na sala kwa nia za Baba Mtakatifu, Kanisa linakupa rehema kamili kwa ajili yao. La pili: usisubiri uzee ndipo uanze kurudisha. Kuna msamaha umeushikilia? Kuna asante hujawahi kumwambia mama? Rudisha wiki hii.

Mimi hasira haijaisha yote. Lakini jioni ile, kwenye gari, nilisali rozari nzima kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Tuombeane.