Nani Amsemee Asiyejitambua?



Ini la mtu mwenye afya laweza kuharibika kwa siku chache tu. Virusi vya homa ya ini, au vidonge vya parasetamoli vilivyomezwa kupita kiasi, au uyoga wenye sumu, vyatosha kulimaliza. Macho huwa manjano, akili huchafuka, na mwisho mgonjwa hupoteza fahamu.

Wataalamu sasa wanajaribu kuwatibu wagonjwa hao kwa seli-shina, yaani chembe changa za mwili zilizotolewa katika uboho wa mifupa, au katika kitovu cha mtoto baada ya kuzaliwa. Hutiwa mshipani ili zilisaidie ini kujijenga upya. Kwa wanyama zimeleta matumaini. Kwa wanadamu bado ni majaribio. Je, ni halali kumfanyia jaribio mtu asiyejitambua?

Wako wasemao, “Si anakufa tu? Atapoteza nini?” Neno hili si kweli. Mungu ameliumba ini liweze kuota tena, na wako wagonjwa wa namna hii wanaopona kwa kutunzwa vizuri tu. Basi mgonjwa anacho cha kupoteza. Na hata asingekuwa nacho, mtu anayekufa hajawa mali ya wanaomtazama.

Wengine husema kujaribu ni dhambi. Nalo hatulikubali. Thomas Starzl alipompa mgonjwa ini la mtu mwingine kwa mara ya kwanza, huko Denver, Marekani, mwaka 1963, mgonjwa yule alikufa. Ilikuwa mwaka 1967 ndipo mmoja aliyepewa ini akaishi zaidi ya mwaka. Leo maelfu wanaishi kwa njia hiyo.

Kinachotupasa kuuliza ni hiki: jaribio hili ni kwa ajili ya nani? Azimio la Helsinki la mwaka 1964, lililotolewa na chama cha madaktari wa dunia, lataka mgonjwa akubali mwenyewe, na asipoweza, msimamizi wake halali. Msimamizi huyo huenda akawa mimi au wewe. Tusijibu kwa hofu yetu, wala kwa sababu tumechoka kukesha. Tujibu kama yeye angalivyojibu.

Tena tujihadhari na wauzaji. Mwaka 2018, huko Marekani, watu 12 waliodungwa dawa iliyouzwa kuwa ni seli-shina za damu ya kitovu waliambukizwa bakteria, wakalazwa hospitalini.

Twamkumbuka yule mwenye kupooza, aliyeteremshwa darini na watu wanne. Hawakutafuta faida yao. Walimfikisha tu kwa Yesu. Hiyo ndiyo kazi ya anayemsemea mwenzake.

Basi tuyazungumze haya nyumbani mwetu tungali wazima, ili siku ile atakayetusemea ajue tulilotaka.

Amani ya Bwana iwe nanyi.