Mama na Binti Waingia Burigi

Pale njia panda ya Lusahunga, malori yaendayo Kigali yanapopishana na mabasi ya Biharamulo, wapo kina mama waliozeeka jirani na twiga bila kupata nafasi ya kumtazama kwa utulivu.

Sababu wanaijua. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka wa Rusumo kuingia Tanzania kwa mamia ya maelfu, na katika miaka iliyofuata silaha zilizagaa, mapori yakawa maficho ya majambazi. Mabasi yalisindikizwa na askari wenye bunduki. Abiria walipita pale wakiomba Mungu.

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707.

Sasa mfikirie mama wa Lusahunga akiingia humo kwa mara ya kwanza, kiingilio kimelipwa na binti yake, mtu mzima mwenye kazi yake. Mwanzoni mama yuko kimya. Amekunja pindo la kitenge ndani ya ngumi, na macho yake yanapekua vichaka, yakitafuta watu.

"Mama, tazama huku!"

Twiga watatu wanatafuna majani ya mgunga. Ngumi inalegea. "Kumbe ana kope ndefu hivi!"

Huyu mama anastahili siku hii kuliko mgeni yeyote. Wanapofika Ziwa Burigi, yeye ndiye anayemsumbua mwongozaji kwa maswali: viboko wanalala saa ngapi, na nyamera huzaa wakati gani?