Mtoto Anatujua Kuliko Tunavyojijua

Sokoni Mashuuru, mtoto wa miaka minne hivi alikaa juu ya gunia, gunzi la mahindi sikioni. "Niko njiani bwana, nishapita Isinya!" Watu wakaangua kicheko. Baba yake naye alicheka, kisha akauliza mtoto huyu kajifunza wapi kudanganya. Sidhani baba huyo alikuwa akijifanya. Hakujua kweli kwamba maneno yale ni yake mwenyewe.

Sisi wazazi tuko hivyo. Muulize yeyote kati yetu ni mtu wa namna gani, atakwambia ni mkweli na mvumilivu, kwa sababu anahesabu nia zake. Mtoto hazioni nia. Anaona hasira ya jioni, anasikia jinsi mama anavyojibiwa, anakumbuka viatu alivyoahidiwa tangu muhula uliopita. Nyani haoni kundule, lakini watoto wake wanamfuata nyuma.

Wazee wa Kimaasai hawakumwachia mtu ajipime peke yake. Kila rika la vijana lilikuwa na walezi wake, olpiron, wazee wa rika lililotangulia kwa hatua mbili, wenye mamlaka ya kuwaonya na kuwarudi. Kosa lako lilikuwa na mtu wa kukuambia. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka enkipaata, eunoto na olng'esherr, sherehe zinazomvusha mwanamume kutoka hatua moja ya rika hadi nyingine, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Si ajabu. Ranchi za pamoja zimegawanywa, seng'eng'e imetutenga na jirani, na ukame ulioishia 2023 uliwamaliza ng'ombe wengi. Baba anatafuta riziki Kitengela, anarudi mwisho wa mwezi, na hakuna mzee anayethubutu kumuuliza jambo. Anayemtazama kwa makini ni mtoto tu, naye akifungua mdomo anaitwa mtovu wa adabu.

Adabu ibaki, sitaki mtoto amkaripie baba yake. Lakini nidhamu tunayoidai kwa fimbo haina uzito kama sisi wenyewe haturudiwi na mtu. Tuwepo nyumbani kwanza, kisha tuwatazame watoto wakicheza baba na mama, tujione humo. Na wazazi wenzangu, tumpe mzee mmoja, au hata jirani, ruhusa ya kutuambia tulipokosea. Akituambia, watoto wawepo wasikie.