MBONA MUNGU AMENYAMAZA?

Rafiki yangu kijana,

Kazi umetafuta mpaka soli ya kiatu imeisha. Mama anaumwa. Ada ya mdogo wako haijalipwa. Juzi mtu kakwambia, "Mwamini Yesu, mambo yatanyooka!" Nawe ukajiuliza: mbona wapo waliookoka na bado wanateseka? Kama Mungu yupo, mbona amenyamaza?

Swali lako ni zuri, wala hatutakudanganya. Kumfuata Yesu siyo dili ya kuondolewa shida.

Sikiliza habari hii ya kweli. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika mji wa Haarlem, Uholanzi, mzee Casper ten Boom, fundi saa, na watoto wake waliwaficha Wayahudi waliokuwa wakiwindwa wauawe. Februari 1944 wakakamatwa. Mzee alifariki kifungoni siku kumi tu baadaye. Binti zake, Betsie na Corrie, mwishowe wakapelekwa kambi ya mateso ya Ravensbrück, Ujerumani.

Bweni lao lilijaa viroboto. Betsie akasema, tumshukuru Mungu hata kwa viroboto. Corrie akaona sasa dada amezidi! Lakini baadaye wakagundua kwamba walinzi hawakuingia mle kwa sababu ya viroboto hao hao. Ndiyo maana waliweza kusoma Biblia pamoja na wafungwa wenzao.

Je, Betsie alitoka salama? Hapana. Alifia kambini Desemba 1944. Corrie aliachiliwa siku chache baadaye, akazunguka nchi nyingi akihubiri msamaha.

Sasa fikiri, kijana. Kama Betsie alimtaka Mungu ili tu afunguliwe, basi alipata hasara. Lakini yeye alimtaka Mungu mwenyewe, na huyo hakumkosa hata mle kambini. Rafiki anayependa mfuko wako, siku mfuko ukitoboka anaondoka. Je, wewe unamtaka Mungu, au unataka mfuko wake?

Mtume Petro alitembea juu ya maji huku upepo unavuma. Alipoutazama upepo, akaanza kuzama. Upepo ulikuwa ule ule. Macho ndiyo yaliyohama. Akalia kwa maneno machache tu, na Yesu akamshika mkono pale pale.

Kumtazama Mungu siyo kujifanya huumii. Lia mbele zake, mwambie ukweli wote. Soma Injili ya Marko, hata kidogo kidogo kila siku. Tafuta wenzako wa kuomba nao. Hata Betsie hakuwa peke yake.

Usingoje mambo yanyooke ndipo uje. Njoo leo, na shida zako hivyo hivyo! Sema kwa moyo wako:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi, nisamehe. Upepo ni mkali na nimechoka. Sikutaki kwa ajili ya mfuko wako, nakutaka wewe. Nishike mkono. Amina."